Kondo la Nyuma, Damu ya Kitovu au Damu ya Mama: Kuchagua Sampuli ya Kuchunguza Epijenetiki ya Kisukari cha Mimba mjini Goma

Wanafunzi wa udaktari na wa biolojia wanaotaka kuandika kazi yao ya mwisho juu ya kisukari cha mimba hunijia mara nyingi wakiwa na kichwa cha kazi kilichokwisha kupitishwa na mwalimu, lakini wakiwa bado hawajui ni kitu gani hasa watakichukua kwa mama na kukitia katika kichupa. Mmoja amesikia kwamba kondo la nyuma ndilo lenye habari zote, mwingine ameambiwa kwamba damu ya kitovu ni rahisi, na wa tatu anataka damu ya mama kwa kuwa mama yupo mbele yake kila siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Wote watatu wana sababu nzuri. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yao, na pia kwa wakunga wa maternite zetu za Goma, ambao huombwa kusaidia kazi za namna hii usiku wa manane bila mtu kuwaeleza kwa nini dakika chache zinaweza kuharibu kila kitu.

Kinachopimwa

Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ilhali insulini ya mama haipiti. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, na insulini hiyo humnenepesha. Ndiyo maelezo aliyoyatoa Jørgen Pedersen wa Copenhagen mwaka 1952, na mpaka leo yamesimama. Epijenetiki inaongeza swali jingine: je, sukari hiyo inaacha alama gani juu ya jeni za mtoto, alama zinazoweza kubaki hata baada ya kitovu kukatwa?

Kila seli ya mwili ina DNA ileile, ambayo vitabu vyetu vya Kifaransa huiita ADN, lakini seli ya ini haisomi kurasa zinazosomwa na seli ya ngozi. Alama zinazoamua ukurasa gani usomwe ni za aina kadhaa. Iliyochunguzwa zaidi ni methilesheni, yaani kikundi kidogo cha methili kinachobandikwa juu ya herufi ya sitosini, hasa pale inapofuatwa na guanini. Mara nyingi, methilesheni ikiwa nyingi mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza. Nyingine ni mabadiliko ya histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa kama uzi kwenye kigurudumu, na nyingine ni RNA ndogo sana, mikroRNA, ambazo huzuia ujumbe wa jeni usigeuzwe kuwa protini. Ugunduzi wa mikroRNA uliwapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024. Kupima kusomwa kwa jeni ni jambo la mwisho katika mlolongo huo: tunahesabu ni ujumbe kiasi gani wa RNA umetoka katika jeni fulani.

Tofauti kati ya alama na ujumbe ndiyo itakayotusumbua mpaka mwisho wa makala haya, kwa sababu DNA ni ngumu na huvumilia, na RNA huoza upesi kuliko samaki wa ziwani akiachwa juani.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaiuliza kila sampuli maswali matano. Inatueleza habari za kipindi gani cha mimba? Imechanganyika na seli za aina ngapi? Inaweza kuhifadhiwa vipi katika mji ambao umeme hukatika? Mama na familia yake wataipokea vipi ombi letu? Na je, tafiti zilizotangulia zinatupa kitu cha kulinganisha nacho?

Kabla ya hayo, hakuna sampuli itakayookoa kazi iliyojengwa juu ya utambuzi mbovu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, mama hunywa gramu 75 za glukosi akiwa hajala, na huhesabiwa kuwa na kisukari cha mimba ikiwa sukari ya plazima, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, kabla ya kunywa ni 92 hadi 125 mg/dl, au baada ya saa moja imefika 180, au baada ya saa mbili ni 153 hadi 199. Kipimo hicho hufanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kutegemea hemoglobini yenye sukari peke yake ni hatari kwetu, kwa maana upungufu wa damu, malaria na seli mundu huivuruga. Mwanafunzi asiyeweza kuwapa mama zake kipimo cha glukosi ya kunywa asianze kufikiria methilesheni.

Kondo la nyuma

Kuhusu kipindi, kondo ni kumbukumbu ya mimba nzima. Limekua pamoja na mtoto, limepitisha kila punje ya sukari, na linatengeneza lenyewe leptini na homoni nyingine zinazohusika na ugonjwa huu. Anayetaka kujua sukari ya mama ilifanya nini mahali pa mpaka kati ya mama na mtoto hana kiungo kingine cha kuuliza. Hata hivyo kondo si mtoto. Alama iliyopatikana humo haituruhusu kusema kwamba ini au kongosho la mtoto lina alama hiyohiyo, na kwa jumla DNA ya kondo ina methilesheni ndogo kuliko ya viungo vingine.

Kuhusu mchanganyiko, hapa ndipo wengi huanguka. Kondo la miezi tisa lina uzito wa karibu gramu 500, na vipande viwili vilivyokatwa sentimeta chache kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kutoa majibu tofauti. Upande wa juu ni wa mtoto, upande wa chini umeshikwa na tabaka la tumbo la uzazi lenye seli za mama. Mwaka 2010 Luigi Bouchard na wenzake wa Quebec walichunguza methilesheni ya jeni ya leptini katika makondo 48: kwa mama ambao mwili wao ulishindwa kuimudu sukari, upande wa mtoto methilesheni ilipungua kadiri sukari ya saa mbili ilivyopanda, na upande wa mama iliongezeka. Mtu aliyekata kipande bila kuangalia upande angeweza kuchanganya majibu hayo mawili akapata sifuri, kisha akaandika kwamba leptini haihusiki.

Kuhusu uhifadhi, niruhusuni kueleza usiku mmoja. Mama amejifungua saa nane na dakika kumi. Mkunga ananipa kondo katika beseni, bado lina joto. Ninalilaza upande wa kitovu ukiwa juu, ninaondoa ngozi nyembamba inayong'aa, ninakata vipande vinne kutoka pande nne, mbali na ukingo na mbali na mabonge meupe yaliyokufa, kila kimoja kikubwa kama punje ya mahindi. Ninavisuuza kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka yasitoke mekundu, ninavitia katika maji ya kuhifadhia RNA, na ninaandika saa juu ya kichupa: saa nane na dakika thelathini na mbili. Dakika ishirini na mbili. Hiyo ndiyo kazi nzuri. Kondo linalofuata, lililowekwa kando kwa sababu mama alitokwa na damu nyingi na sote tulikuwa tukimhangaikia yeye, linakatwa baada ya saa tatu. DNA yake itafaa, RNA yake sitaihesabu.

Kipande kisichozidi nusu sentimeta kwa unene, kikiwa ndani ya maji hayo, huvumilia siku moja kwenye joto la nyuzi 37, wiki moja kwenye 25, na mwezi mmoja katika friji ya nyuzi 4. Kwa hali ya hewa ya Goma huo ni msaada mkubwa. Lakini baada ya hapo kinahitaji friza, na friza inahitaji umeme. Nimewahi kupoteza vipande vya makondo 18 vilivyogandishwa vikavu, bila maji ya kuhifadhia, kwa mwisho mmoja wa juma ambapo umeme ulikatika Ijumaa jioni na mtu wa kuwasha jenereta hakuwapo. DNA niliiokoa. Ujumbe wa jeni ulikuwa umeshakatikakatika, na miezi saba ya kuamka usiku ikaishia kuwa nusu ya kazi niliyoikusudia.

Kuhusu familia, mama wengi hukubali upesi, kwa kuwa kondo huonekana kama kitu kinachotupwa. Wengine huliomba likazikwe nyumbani, na heshima inadai tuwaulize mapema, wakati wa CPN, siyo wakati wa uchungu. Vipande vinne vidogo havizuii kondo kuzikwa, na nikieleza hivyo kwa bibi aliyemsindikiza binti yake, mara nyingi hukubali kabla ya binti mwenyewe.

Kondo linamfaa mwenye timu inayoweza kuwa maternite saa yoyote, anayeuliza juu ya kusomwa kwa jeni na upitishaji wa sukari au mafuta. Afahamu pia kwamba uchungu wenyewe hubadilisha kusomwa kwa jeni nyingi, hivyo kulinganisha mama mwenye kisukari aliyepasuliwa na mama asiye na kisukari aliyejifungua kwa njia ya kawaida ni kulinganisha upasuaji na uchungu.

Damu ya kitovu

Hii ni damu ya mtoto mwenyewe, siku ya kuzaliwa. Habari zake zinahusu mwisho wa mimba na kile ambacho mtoto anaanza nacho maisha, na kwa hiyo inamfaa anayetaka kumfuata mtoto huyo mpaka afike shule. Faida nyingine ni kwamba kichupa hichohicho hupima peptidi ya C, ambayo hutueleza mtoto mwenyewe alikuwa akitengeneza insulini kiasi gani. Utafiti mkubwa wa HAPO, juu ya sukari ya mama na matokeo ya mimba, uliotolewa mwaka 2008 baada ya kuwafuata mama zaidi ya elfu 23, ulitumia kipimo hicho.

Seli zake ni mchanganyiko wa chembe nyeupe za aina mbalimbali pamoja na chembe nyekundu zenye kiini, ambazo mtu mzima hanazo katika damu yake. Kama watoto wa mama wenye kisukari wana chembe hizo nyingi zaidi, methilesheni itaonekana kubadilika hata kama hakuna jeni iliyoguswa. Kuna mahesabu ya kompyuta ya kusahihisha jambo hilo, na yapo ya damu ya kitovu hasa. Yasipofanywa, jedwali la majibu halina thamani. Umri wa mimba nao huacha alama kubwa, na kwetu, ambako tarehe ya hedhi ya mwisho mara nyingi ni ya kukisia, ekografi ya miezi ya mwanzo ina thamani kuliko mashine ya bei kubwa.

Uhifadhi ni rahisi. Sindano moja katika mshipa wa kitovu baada ya kukibana, upande wa kitovu ukiwa umepanguswa damu ya mama, kisha kichupa chenye EDTA, dawa inayozuia damu isigande, na DNA hukaa katika friji siku kadhaa bila madhara. Vichupa vya heparini viachwe, kwa sababu heparini huzuia kuzidishwa kwa DNA baadaye. Tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi maalumu huvumilia hata zaidi, nalo husafiri katika bahasha. Wakati uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, tulielewa kwa uchungu maana ya sampuli isiyohitaji barafu.

Kuhusu tafiti za kulinganisha, hii ndiyo yenye hazina kubwa zaidi. Uchambuzi wa pamoja uliotolewa mwaka 2020 ulikusanya mama na watoto 3,677 kutoka makundi saba ya watafiti, na kati yao mama 317 walikuwa na kisukari cha mimba. Katika jenomu nzima zilipatikana sehemu mbili tu zilizotofautiana, moja katika jeni ya OR2L13 na nyingine katika CYP2E1, zote zikiwa na methilesheni pungufu. Namwomba kila mwanafunzi aitafakari hesabu hiyo kabla ya kuniambia kwamba atapima jenomu nzima kwa watoto 40. Chipu inayopima sehemu 850,000, ikitumiwa na kizingiti cha asilimia 5, itampa takriban sehemu 42,500 za uongo kwa bahati tu.

Familia hazisumbuki na damu ya kitovu, kwa kuwa mtoto hachomwi. Mkunga pia huizoea baada ya siku mbili.

Damu ya mama

Hapa tunabadilisha swali lenyewe. Damu ya mama haitwambii alama zilizo juu ya jeni za mtoto, na anayeandika kinyume cha hapo anakosea. Inachoweza kufanya, na ambacho zile mbili haziwezi, ni kuchukuliwa kabla. Wiki ya 12, wiki ya 26, wiki sita baada ya kujifungua, na hata miaka mitano baadaye, mama yuleyule anaweza kutoa sampuli. Kwa hiyo inamfaa anayetafuta dalili ya mapema, na pia anayejali afya ya mama mwenyewe: mwanamke aliyepata kisukari cha mimba yuko katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 hadi 10 zaidi ya mwenzake, na kwa maoni yangu jambo hilo limesahauliwa sana katika tafiti zinazomtazama mama kama chombo cha kumbeba mtoto.

MikroRNA za plazima ndizo zilizoleta matumaini zaidi upande huu. Utafiti wa China wa mwaka 2011 ulikuta miR-29a, miR-132 na miR-222 zikiwa zimepungua katika damu ya wiki ya 16 hadi 19 kwa mama waliopata kisukari baadaye, ingawa tafiti nyingine hazikupata majibu hayohayo kila mara. MikroRNA huvumilia kuliko ujumbe mrefu wa jeni, lakini chembe nyekundu zikipasuka humwaga mikroRNA zao ndani ya plazima. Plazima itengwe ndani ya saa mbili, na ile yenye rangi ya waridi iachwe bila huruma. DNA ya chembe nyeupe za mama nayo ina tatizo lake, kwa kuwa mimba yenyewe huongeza nyutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo.

Kilicho kigumu ni kumrudisha mama. Damu moja anaitoa bila shida. Ya tatu, baada ya kujifungua, inataka nauli ya pikipiki, simu iliyo na laini ileile, na mama ambaye hajahama.

Jeni moja inayotuhusu watu wa Goma

Mwaka 2012 Connie Mulligan na wenzake walitoa utafiti uliofanywa hapahapa Goma, kwa mama 25 na watoto wao waliozaliwa katika hospitali ya HEAL Africa. Walikuta kwamba mama aliyepitia mateso makubwa, yakiwemo ya vita, mtoto wake alikuwa na methilesheni zaidi katika jeni ya NR3C1, inayohusika na kipokezi cha kortisoli, homoni ya msongo, na uzito wake wa kuzaliwa ulikuwa mdogo. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani wakaichunguza jeni hiyohiyo kwa watoto wa mama wenye kisukari cha mimba, katika damu ya kitovu na katika kondo pia, wakakuta methilesheni yake imepungua kwa asilimia 1 hadi 2, na ile ya jeni ya MEST kwa asilimia 4 hadi 7.

Wasomaji wa mji huu wataona mara moja ugumu uliopo. Mama aliyekimbia kutoka Rutshuru, akalala miezi kadhaa chini ya turubai katika kambi ya Kanyaruchinya, kisha akaonekana ana kisukari cha mimba, anabeba mizigo miwili ambayo huenda inaivuta jeni moja pande mbili. Tukimpima bila kumuuliza historia yake, tunaweza kukuta methilesheni ya kawaida kabisa na kudhani kwamba hakuna lililotokea. Hili linagusa sampuli zote tatu kwa usawa, na hakuna mashine inayolitatua. Linatatuliwa na orodha ya maswali, inayoulizwa kwa upole, na mtu anayezungumza lugha ya mama huyo, mahali ambapo mume na mama mkwe hawasikii.

Wenzetu wa Lubumbashi wana mzigo wao mwingine, vumbi la migodi, kwa maana aseniki na kadimiamu navyo hubadilisha methilesheni. Huko mkojo wa kupimia metali ungepaswa kwenda pamoja na kila sampuli.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa mwanafunzi peke yako, una miezi sita, huna friza ya kuaminika na unaweza kuwapata mama 30 hadi 50, chukua damu ya kitovu kwa ajili ya DNA, chagua jeni moja au mbili zilizokwisha kuchunguzwa kama MEST, na upime kwa njia ya bisulfiti, ambayo hugeuza sitosini isiyo na methili na kuiacha yenye methili ilivyo. Pima pia peptidi ya C ukiweza.

Ukiwa katika timu yenye zamu ya usiku, maji ya kuhifadhia RNA na jenereta yenye mtu anayewajibika kwa jina, kondo la nyuma litakupa jambo ambalo wengine hawawezi kulipata, yaani alama na ujumbe wa jeni katika kipande kilekile. Kwa kusawazisha hesabu za RNA usitegemee jeni ya GAPDH peke yake, kwa sababu ni jeni ya kuvunja sukari na ugonjwa tunaouchunguza ni wa sukari. SDHA na TBP zimependekezwa kwa kondo.

Ukiwa daktari wa CPN unayewaona mama tangu miezi mitatu ya kwanza, na una nia ya kubaki nao miaka, damu ya mama ni yako, hata kama mwanzoni utahifadhi matone makavu tu na kusubiri fedha.

Na ikiwa mama amekubali zote tatu, kama walivyokubali wale wa utafiti wa Goma, zichukue zote, lakini tangu siku ya kwanza amua ni ipi itakayojibu swali kuu. Nyingine ziwe za kuthibitisha. Kwenye kila kichupa andika kwa kalamu isiyofutika namba ya mama, jinsia ya mtoto, njia ya kujifungua, saa ya kuzaliwa na saa ya kuhifadhi, kwa sababu mkunga aliyekuwa zamu usiku ule atakuwa amekwisha kusahau utakapomuuliza.